Haki ya Mzazi na Haki ya Mwili

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemleta mwanadamu duniani akiwa mchanga asiyeweza hata kujifuta uso, akamjaalia ujana na nguvu, kisha akamwandikia uzee. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Kiyama.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi wasikilizaji mlio majumbani karibu na redio zenu, twajiusia sisi wenyewe kwanza, kisha twakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Hiyo ndiyo akiba ya safari ambayo hapana budi sote tutakwenda.

Maudhui yetu ya leo ni jambo linalowakuta watu wengi, lakini ni wachache wanaolileta msikitini kuliuliza. Nalo ni hili: mtu mzima amepatwa na maradhi yanayohitaji matibabu ya daima, na wakati huo huo anaye mzazi mkongwe ambaye naye ana tarehe zake za hospitali. Kadi za kliniki ziko mbili nyumbani, nauli ni moja, na mwenye miguu ya kwenda ni mmoja. Siku mbili zinapogongana, nani atangulie?

Chukueni mfano wa mwanamke mwenye umri wa miaka 52, mgonjwa wa kisukari, ambaye siku yake ya kliniki ni Jumanne. Mama yake ana miaka 78, ana shinikizo la damu, na macho yake yameingia mtoto wa jicho hata haoni njia. Daktari wa macho naye huja Jumanne. Mwezi wa kwanza binti huyu aliiacha kliniki yake akampeleka mama. Mwezi wa pili mama alihitaji kupimwa damu, akaahirisha tena. Mwezi wa tatu dawa zake zilikwisha, akaona haya kurudi kwa kuwa tarehe yake ilikwisha pita. Mwezi wa nne kikatokea kidonda kidogo mguuni. Akakifunga kitambaa, asimwambie mtu. Majirani wanamsifu kwamba hakika huyu ndiye mtoto, amepata radhi ya mama yake. Naye anaposikia sifa hizo huzidi kukificha kidonda.

Ndugu zangu, mfano huu si wa mtu mmoja. Umo katika mitaa yetu, na huenda umo katika nyumba yako. Swali letu ni hili: je, hayo anayoyafanya binti huyu ndiyo wema ambao dini imeuamrisha?

Twaanza na haki ya mzazi, kwani hiyo ni nzito na haifai kupunguzwa hata chembe. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwatendea wema wazazi wawili. Akautaja uzee wao khasa, akakataza hata neno dogo la kuchukizwa, akaamrisha tuwainamishie bawa la unyenyekevu na tuwaombee rehema, maana wao walitulea tukiwa wadogo. Katika Sura ya Luqman, aya ya 14, ametukumbusha mimba aliyoichukua mama katika udhaifu juu ya udhaifu. Na imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ruhusa ya kwenda katika Jihadi. Mtume akamuuliza kama wazazi wake wahai. Alipojibu kuwa ni wahai, alimwelekeza akafanye Jihadi yake kwa kuwahudumia wao.

Kwa hivyo kumshika mzazi mkono mpaka kwa daktari, kukaa naye katika foleni, kumsomea maandishi ya dawa na kumwosha akichafuka, hayo yote ni ibada. Hata katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijriya, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Sayyidna Uthman bin Affan abaki Madina amuuguze mkewe, Bibi Ruqayya, ambaye alikuwa binti wa Mtume. Badr ilikwisha, naye Uthman akapewa fungu lake la ngawira na ahadi ya thawabu sawa na waliohudhuria. Mwenye kuuguza hakukosa kitu.

Basi hiyo ndiyo haki ya mzazi. Lakini Mola yule yule aliyeiweka haki hiyo ameweka na haki ya mwili. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, amekataza tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, amekataza tusijiue. Mwili huu si mali yetu; ni amana, na mwenye amana ataulizwa aliitunza vipi. Imam Bukhari amepokea kisa cha Salman Al-Farisi alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta amejitwisha saumu ya kila mchana na sala ya usiku kucha hata amezisahau haki nyingine. Salman akamlazimisha ale na alale, akamweleza kwamba Mola ana haki kwake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa alipompelekea Mtume (S.A.W.) habari hiyo, Mtume alimsadikisha Salman.

Zingatieni, ndugu zangu. Abu Dardaa hakukatazwa maasi. Alikatazwa kuzidisha ibada kwa kuidhulumu nafsi. Ikiwa saumu ya sunna na sala ya usiku hazimpi mtu ruhusa ya kuuangamiza mwili wake, basi na huduma ya mzazi pia ina mpaka huo huo.

Na juu ya matibabu, Usama bin Shariik amesimulia kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute dawa. Akawaamrisha watafute, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila aliuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Hadithi hii inatufunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mtoto mgonjwa ameamrishwa kujitibu. La pili, mzazi mkongwe tunamtibu macho yake, presha yake na maumivu yake, lakini uzee wenyewe hatutauondoa, hata tukimpeleka hospitali kila siku. Wako watoto wanaojiua kwa kukimbizana na uzee wa baba kana kwamba ni homa. Huo ni mwendo wa kila kiumbe. Unahitaji huruma na subira.

Wanazuoni wetu wa zamani walizungumza sana juu ya hukumu ya kujitibu, na wengi wao waliiona kuwa ni sunna. Lakini katika zama zetu Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1992 lilibainisha kwamba matibabu huwa ni wajibu ikiwa kuyaacha kutaleta mauti, kupotea kwa kiungo au kulemaa, au ikiwa ugonjwa ni wa kuambukiza wengine. Basi mwenye kisukari ambaye kidonda chake chaelekea kumkata mguu, na mwenye kifua kikuu ambaye akiacha vidonge atawaambukiza watoto na huyo huyo mzazi anayemuuguza, hawa hawako katika sunna tena. Wamo katika wajibu.

Huenda akasimama mtu akasema: mbona tumesimuliwa kisa cha watu watatu waliozibiwa pangoni, na mmoja wao alisimama na maziwa mkononi usiku kucha akingoja wazazi wake waamke, ilhali watoto wake wanalia njaa miguuni pake? Kisa hicho ni sahihi na mafundisho yake ni makubwa. Lakini usiku ule ulikuwa usiku mmoja, na uchovu wa usiku mmoja si ugonjwa unaokata kiungo. Mtu yule alitoa usingizi wake. Hakutoa uhai wake. Tena tuulize: lau yeye mwenyewe angeanguka, ni nani angewakamulia wazazi wale maziwa usiku wa pili? Mzazi kipofu anayeongozwa na mtoto aliyekatwa mguu amepata nini katika sifa za majirani?

Basi haki mbili zinapokutana, fiqhi yetu ina mizani. Faradhi yenye wakati mfinyu hutangulizwa mbele ya faradhi yenye wakati mpana. Sala ambayo wakati wake unakaribia kutoka haingoji jambo linaloweza kufanywa kesho. Pimeni kwa mizani hiyo hiyo kadi zenu mbili. Msiulize tu nani ni mkubwa kwa heshima, kwani hapo mzazi atashinda kila siku. Ulizeni ni jambo gani halingoji. Ikiwa baba ameanguka na hawezi kusimama, au mama ameanza kuongea kwa ulimi mzito na mkono mmoja umelegea, hiyo ni dalili ya kiharusi. Acheni kila kitu, mkimbizeni saa ile ile. Lakini ikiwa tarehe ya mama ni ya kupimwa miwani, nayo tarehe yako ni ya kidonda cha mguu na dawa zilizokwisha, basi miwani itangoja wiki mbili na kidonda hakingoji. Ukienda kutibiwa kidonda siku hiyo hukumwasi mama. Umemlindia mama mtumishi wake.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu, kwa ajili yenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ndiye Mwenye kusamehe.

Khutba ya Pili

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ndugu Waislamu, katika sehemu hii twapenda kusema na kila mmoja kwa nafasi yake.

Kwanza twasema nawe, mtoto mgonjwa unayeuguza. Usiufiche ugonjwa wako. Mweleze daktari wako, na mweleze daktari wa mzazi wako, kwamba wewe pia ni mgonjwa na ndiwe unayemleta. Omba tarehe zenu ziwekwe siku moja ikiwa kliniki zote mbili ziko mahali pamoja, au siku mbali mbali ikiwa haiwezekani. Aghalabu muuguzi huandika tarehe bila kujua hali yako, naye akiambiwa huweza kuibadilisha. Ikiwa tarehe yako imepita, rudi hata hivyo. Haya ya kurudi isikuzidie hofu ya kiharusi. Shinikizo la damu aghalabu halina maumivu, na mtu huweza kujiona mzima mpaka siku anayoanguka. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu, hata mgonjwa akaumia mguu asihisi. Kwa hivyo kujiona mzima si hoja ya kuacha dawa.

Tena tahadhari na desturi mbaya iliyoenea ya kugawana vidonge. Mama ana presha na binti ana presha. Za binti zimekwisha, basi anachukua za mama. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine hata kama ugonjwa una jina moja, kwani daktari hupima umri, figo na maradhi mengine. Weka dawa za mzazi katika mfuko wake na zako katika mfuko wako, na siku ya kliniki ichukueni mifuko yote, pamoja na miti shamba mnayoitumia, daktari aione. Na wewe mwenye kisukari unayetumia dawa, usikae katika foleni ya mzazi tangu alfajiri hadi adhuhuri bila ya chakula. Sukari ikishuka mtu hutetemeka, hutokwa jasho na huchanganyikiwa. Chukua chakula chako, na kitu kitamu mfukoni.

Katika ibada pia kuna wepesi. Imran bin Huswain alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala. Akaelekezwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mwenye kumuuguza mgonjwa ambaye hana mwangalizi mwingine ana udhuru wa kutohudhuria sala ya jamaa, hata ya Ijumaa. Atasali Adhuhuri nyumbani. Basi wewe unayetusikiliza redioni saa hii huku umemshikia mama bakuli la uji, usidhani umeikosa heri. Ama saumu ya Ramadhani, mzee asiyeweza kufunga hutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku, na mgonjwa amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama, wala asijipangie dawa mwenyewe.

Pili twasema nanyi, ndugu wa huyo anayeuguza. Mzazi mmoja ana watoto watano, na kadi yake ya kliniki iko mikononi mwa mmoja, aghalabu binti, au yule asiye na kazi ya ofisini. Wanne waliobaki hutuma salamu, na mwenye kutuma fedha hudhani amemaliza. Amri ya wema kwa wazazi hakupewa mtoto mmoja. Imemwelekea kila aliyezaliwa. Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Kaeni kikao, andikeni tarehe zote za mwaka katika daftari moja: za mzazi na za ndugu yenu mgonjwa. Kisha gawaneni. Huyu atachukua Jumanne ya mwezi huu, yule ya mwezi ujao. Aliye mbali atoe nauli na ujira wa mtu wa kusindikiza. Na anayeuguza akiomba siku moja ya kujitibu, msimwambie kwamba amechoka na radhi. Neno hilo limewapeleka wengi kaburini kabla ya wazazi wao.

Tatu twasema nanyi kwa adabu, wazee wetu. Nyinyi ni baraka ya nyumba zetu. Lakini mzazi naye ana wajibu kwa mtoto wake. Muulizeni mtoto, naye ameenda lini kwa daktari? Mkimwona anachechemea, msinyamaze. Mwambieni kwa ulimi wenu kwamba mmemridhia aende akatibiwe, na kwamba jirani atakaa nanyi saa chache. Neno hilo moja kutoka kwa mama hufungua kifundo ambacho khutba kumi haziwezi kukifungua.

Nne twasema nasi majirani na watu wa msikiti. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 2, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchamungu. Waislamu waliotangulia hawakuuacha ugonjwa uwe shida ya nyumba moja. Huko Cairo, Sultani Qalawun alijenga hospitali mwaka 1284, akaiwekea mali ya wakfu ili tajiri na maskini watibiwe. Sisi hatuna mali ya Sultani, lakini kila msikiti unaweza kuwa na vijana wawili wa kumsindikiza mzee kliniki, na sanduku dogo la nauli. Wanafunzi wa madrasa na wa vyuo, hii ni kazi yenu. Anayejua kusoma amsomee mzee kadi yake na amkumbushe tarehe. Na mzijue haki za wazee wenu: Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na katika hospitali nyingi za serikali lipo dirisha la wazee. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee waliotimiza miaka 70. Mzee wengi wao hawana wa kuwafuatilia mambo haya ila mtoto mmoja mgonjwa. Mfuatilieni nyinyi.

Ndugu zangu, mwisho wa maneno yetu ni kwamba Mwenyezi Mungu, katika aya ya mwisho ya Sura ya Al-Baqara, ametufahamisha kuwa haitwishi nafsi ila iwezalo. Basi nasi tusimtwishe ndugu yetu asiloliweza, kisha tukamsifu anapoanguka. Mtu akitoka hapa akamkumbuka aliyeacha kliniki yake kwa ajili ya mzazi, na aende kwake leo baada ya sala, amuulize tarehe yake ni lini, na amwambie: siku hiyo nitakaa mimi na mama.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na wagonjwa wa Waislamu wote. Ewe Mola, warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Wape nguvu wanaouguza, uwaondolee wanayoyaficha, na utujaalie tuwe wasaidizi wao kabla hawajatuomba. Utupe mwisho mwema sisi na watoto wetu. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, inukeni kwa sala.